Gari Lisilo na Herufi ya Mwisho

Fundi alizima injini, akapangusa mikono kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Wewe unaipenda hii gari ama unaihitaji?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye kibanda chake pale Grogan, Nairobi. Nyuma ya gari moshi wa buluu ulikuwa bado unaelea. Kama hujawahi kumiliki gari kuukuu, acha nikueleze. Moshi mweusi maana yake petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Moshi mweupe usioisha maana yake maji yanapita mahali yasipotakiwa. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Yangu ilikuwa inakula karibu lita moja kila wiki mbili.

"Haijakufa," Fundi akasema. "Imechoka tu. Tukiifungua yote, slivu mpya, pistoni, ringi, beringi, gasketi, na kazi yangu, weka laki moja na elfu themanini."

Jamaa mmoja wa skrapu alikuwa ameegemea ukuta akitusikiliza. Hao watu wana masikio. "Mimi nakupea hamsini saa hii," akasema. "Keshi. Na sikuulizi maswali."

Bima yangu ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Nilikuwa na siku kumi na moja za kuamua kama gari letu lifunguliwe au likatwekatwe. Siku hizo kumi na moja nilizitumia kusoma daftari la baba yangu, na ndiyo maana naandika haya.

*

Gari lenyewe ni Peugeot 504, stesheni wageni, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Kwetu hakuna anayesema Peugeot. Ni Pijo. Namba yake ya usajili ina herufi tatu na tarakimu, basi. Haina herufi ya mwisho. Mtindo tunaoujua leo, wa KAA kisha tarakimu kisha herufi nyingine, ulianza 1989. KBA ilifika 2007, KCA 2014, KDA 2020. Mtoto wa mjini anasoma namba ya gari kama kalenda, anajua ni nani ametoka bandarini juzi na ni nani amezeeka. Namba yangu iko nje ya kalenda hiyo. Askari wa trafiki wakinisimamisha, mara nyingi hawana kosa la kunishtaki. Wanataka tu kujua hii gari ni ya nani.

Peugeot walilionyesha 504 kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka uliofuata likatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Stesheni wageni ilifuata 1971. Kule Ufaransa lilikuwa gari la daktari wa mtaa na la familia inayoenda likizo. Hakuna aliyelichora akifikiria mlima wa Mai Mahiu ukiwa na abiria saba, magunia mawili ya viazi na jogoo.

Lilivyofika hapa ni hadithi ya siasa kama ilivyo hadithi ya mashine. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa imejenga viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Thika, Nairobi na Mombasa. Magari yalikuja vipande vipande ndani ya makasha, yakafungwa bolti hapa hapa. Serikali ilikuwa inavilinda viwanda hivyo. Kuagiza gari zima kutoka nje kulihitaji leseni na fedha za kigeni, na vyote viwili vilikuwa adimu. Kwa mtu wa kawaida maana yake ilikuwa hivi: aina za magari barabarani zilikuwa chache, na kila fundi alizijua zote kama anavyojua watoto wake.

Nigeria walifanya vivyo hivyo. Kiwanda cha Peugeot cha Kaduna kilifunguliwa 1975. Ufaransa iliacha kutengeneza saluni ya 504 mwaka 1983, lakini Kaduna waliendelea kuliunganisha hadi miaka ya 2000. Fikiria hilo kidogo. Wenye gari walilichoka miaka ishirini kabla yetu.

*

Kwa nini Pijo? Waulize wazee na watakuambia jina moja: Safari.

Mashindano ya Safari Rally yalianza 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza 7 tu. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda wakiwa na Peugeot 404, yaani kaka mkubwa wa 504. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, dereva wa kutoka Tanzania, na 404 tena. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93. Yalimaliza 7. Mshindi? Nowicki na Cliff, na 404 tena. Halafu 504 lenyewe likachukua zamu: Ove Andersson mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6.

Kampuni yoyote ingelipa pesa nyingi kupata tangazo kama hilo. Watu walisimama kando ya barabara wakiwa wamelowa tope, wakaona kwa macho yao ni gari gani lilipita na ni gani lilivutwa na trekta. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Anasema Pasaka ya 1975 alitembea kilomita kumi na mbili kwenda kuona gari likipita kwa sekunde nne.

Lakini ushindi wa rali hauwezi kueleza kila kitu, kwa sababu gari la mashindano si gari la kazi. Siri ya 504 iko chini. Springi zake zina mwendo mrefu, kwa hivyo gurudumu huingia shimoni na kutoka bila mwili wa gari kupigwa. Na injini yake ya petroli ina slivu zinazotoka. Slivu ni lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika injini nyingi, silinda ikilika inabidi kuichonga kwa mashine, na huwezi kuchonga milele. Kwa Pijo unatoa slivu kuukuu, unaweka mpya pamoja na pistoni zake, na silinda inaanza maisha upya. Ni kazi ambayo fundi mwenye spana nzuri na subira anaweza kuifanya chini ya mwembe. Wahandisi wa Ufaransa waliamua hivyo kwa sababu zao wenyewe. Afrika ilipata faida.

*

Baba alilinunua letu mwaka 1986 kwenye mnada wa magari ya serikali. Lilikuwa limebeba maafisa miaka minne, na mlango wa nyuma ulikuwa na alama ya rangi iliyokwaruzwa. Alilipeleka moja kwa moja kwenye laini ya Nakuru na Nairobi.

Wakati huo biashara ya matatu ilikuwa na umri wa makamo. Jina lenyewe linatoka kwenye mapeni matatu, senti thelathini, nauli ya zamani. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila ile leseni ya usafiri iliyokuwa inawafanya kuwa wahalifu, na kufikia 1984 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuzidhibiti. Mjini kulikuwa na pikapu zenye turubai, ambapo abiria waliketi wakitazamana. Safari ndefu zilikuwa za Pijo. Abiria saba, kila mmoja na kiti chake, na gari halikusimama kila kichochoro. Kupanda Pijo ilikuwa heshima. Mama yangu anasema hivyo ndivyo alivyompima baba: mwanamume mwenye Pijo hawezi kukosa nauli ya kurudi.

Daftari ni lile la shule, jalada ngumu, la kwanza kati ya matano. Baba hakumaliza darasa la nane, lakini aliandika kila kitu. Kila ukurasa una safu mbili. Upande wa kushoto ameandika IMEINGIZA. Upande wa kulia, IMEKULA. Hapo chini kuna nafasi ya maneno mengine, kama yapo. Mara nyingi hakuna. Oili. Filta. Plagi. Breki za nyuma. Mvua Gilgil.

Halafu unapiga ukurasa na historia ya nchi inakuangukia mapajani.

"7/7/90. Sikutoka." Maneno mawili tu. Ilikuwa Saba Saba, siku ambayo watu walijitokeza kudai vyama vingi na Nairobi ikawaka moto.

Mwishoni mwa 1997, wakati wa mvua za El Niño, safu ya IMEKULA inajaa neno moja: bushi, bushi, bushi. Barabara zilikuwa zimesombwa. Katika mwezi mmoja alibadilisha bushi za mbele mara tatu, na ile mita ya kilomita ikakata kebo. Aliifungia mita nyingine iliyotoka kwenye gari lililoanguka. Ndiyo iliyopo hadi leo, na inasema 48,213. Inadanganya. Kwenye jalada la ndani baba aliandika nambari ya kweli siku hiyo, 612,000, na tangu hapo amekuwa akijumlisha kwa mkono: Nairobi kwenda Nakuru 160, kurudi 160. Kwa hesabu yake, gari letu lilivuka kilomita milioni moja mwaka 2006, likimpeleka shangazi yangu hospitalini. Hakuna aliyepiga makofi. Ameandika tu "1,000,000" na chini yake "tairi ya spea haina upepo."

*

Kabla sijasoma daftari nilidhani baba alilitunza gari kwa sababu ya mapenzi. Wewe pia umeona picha hizo mtandaoni, mzee na gari lake la zamani, watu wanaandika mioyo. Daftari linasema kitu kingine. Kila Desemba alijumlisha safu mbili na kuzilinganisha. Kwa miaka kumi na saba IMEINGIZA ilishinda. Mara ya pili alipofungua injini, mwaka 1994, alichora mstari na kuandika hesabu ya miezi mingapi ingemchukua kurudisha pesa. Minne. Akafungua.

Miaka hiyo ya 1990 ndiyo iliyokuwa inaliua gari lake polepole, ingawa yeye hakuiita hivyo. Mwanzoni mwa muongo huo Kenya ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa na ya fedha za kigeni. Mitumba ya nguo ilifurika, na mitumba ya magari pia: eks-Dubai, eks-Japani. Toyota na Nissan zilizotumika zilikuja kwa bei ambayo viwanda vya kuunganisha havikuweza kushindana nayo. Kwa watu wengi ilikuwa ukombozi. Mwalimu aliweza kununua gari. Leo kanuni inasema gari linaloingizwa lisizidi miaka minane, na karibu kila gari unaloliona ukiwa umekwama Waiyaki Way lilishazeeka kidogo mahali pengine kabla ya kuja kwetu.

Kilichopotea kilikuwa kidogo na hakikuonekana. Maduka ya spea yalibadilisha mabango. Kwenye daftari, kabureta ya 1988 ilinunuliwa Nakuru siku hiyo hiyo ilipoharibika. Ya 2001 ilichukua wiki tano, ikatoka kwenye gari lililokufa Kitale.

Halafu Februari 2004 zikaja Kanuni za Michuki: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Zilihitajika, tusidanganyane. Watu walikuwa wanakufa barabarani. Laini za mbali zilikuwa tayari zimechukuliwa na Nissan, na gari la abiria saba halikuwa na hesabu tena. Desemba ya 2003, kwa mara ya kwanza, safu mbili za baba zilikuwa zimekaribia kulingana. Aliliondoa barabarani mwezi uliofuata.

Sasa, kwa sheria yake mwenyewe, hapo ndipo angeliuza. Hakuuza. Nilitaka kujua kwa nini, nikaendelea kupiga kurasa. Kuna miaka minne ya mambo madogo madogo: shule, kanisa, mbolea, harusi. Halafu nikafika hapa:

"26/1/08. Showground. Safari 4. Petroli ya jirani."

Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka godoro lililofungwa juu ya keria na mkono wa mama ukinisukuma kichwa chini ya kiti. Nakumbuka tukilala kwa shangazi. Sikujua kwamba baba alirudi. Wakati Nakuru ilipokuwa inachomeka baada ya uchaguzi, na watu wakikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo, alienda mara nne na gari la viti saba. Jirani aliyemtolea petroli hakuwa wa kabila letu. Baadhi ya waliobebwa hawakuwa pia. Baba hajawahi kulizungumzia hilo, na nilipompigia simu kumuuliza, alisema, "Gari lilikuwa na mafuta na breki. Wengine hawakuwa na breki."

Upande wa kulia wa ukurasa huo, chini ya IMEKULA, ameandika "klachi". Upande wa kushoto hakuandika chochote.

*

Turudi Grogan, kwa sababu bila Grogan gari hili lingekuwa sufuria leo.

Barabara yenyewe siku hizi inaitwa Kirinyaga Road. Grogan lilikuwa jina la zamani, la Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Jina lilitolewa kwenye kibao lakini mafundi wakalibakisha mdomoni, na kwao maana yake ni kitu kimoja: mahali ambapo gari lolote linaweza kufunguliwa.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ndiyo iliyoutangazia ulimwengu neno la "sekta isiyo rasmi", na ilisema jambo ambalo wakubwa hawakulitarajia: kwamba watu wanaofanya kazi nje, bila leseni, wakifukuzwa na askari wa jiji, walikuwa wanazalisha na kufundishana kazi. Sisi tuliwaita jua kali. Serikali ilichukua zaidi ya miaka kumi kulisikia neno hilo vizuri. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua. Mwaka uliofuata alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata kama halitakuwa zuri. Likazinduliwa 1990 kwa jina la Nyayo Pioneer. Yalitengenezwa machache ya majaribio, na mradi ukaishia hapo.

Kila nikilifikiria hilo nacheka, kisha nanyamaza. Tulitafuta gari la Kenya chuoni wakati lilikuwa linapita nje. Pijo la baba lina bampa iliyopigwa Kariobangi, viti vilivyoshonwa Nakuru, bomba la moshi la Kamukunji na bushi zilizochongwa kutoka kwa tairi za lori. Kuna mtu anaweza kubisha kwamba hilo si 504 tena. Fundi hajali ubishi huo. "Bado linashika barabara vile vile," anasema.

Fundi alijifunza kazi akiwa na miaka kumi na sita, kwa kushika tochi. Miaka miwili alishika tochi tu. Anaweza kuurekebisha muda wa cheche kwa sikio. Ana miaka sitini na saba, na kijana anayemsaidia ana ishirini na mbili. Kijana huyo ni mkali: ana kifaa anachochomeka kwenye gari la kisasa na simu inamwambia ugonjwa ni nini. Nilimuuliza kama anajua kabureta. Akacheka kwa aibu. "Hiyo ni ya Mzee, boss. Mimi sijaigusa."

*

Niliketi na kalamu nikafanya hesabu kama baba. Mimi nauza miche na maua ya vyungu. Nachukua Ruiru napeleka kwa wateja, na stesheni wageni inabeba vyungu arobaini bila kulalamika. Kwa hivyo jibu la swali la Fundi ni kwamba nalihitaji. Rafiki yangu ana Probox ya mkopo wa Sacco inayomla elfu ishirini na nane kila mwezi kwa miaka mitatu. Kufungua injini ya Pijo ni miezi sita na kidogo ya mkopo huo. Hapo Pijo inashinda. Lakini Probox hutumia karibu nusu ya petroli yangu, na inapoharibika spea ziko kila kona. Hapo Pijo inashindwa.

Kuna pia hesabu isiyoandikwa kwenye daftari lolote. Gari hili halina kichungi cha moshi. Hadi mwisho wa 2005 lilikunywa petroli yenye risasi kama magari mengi hapa, na watoto tuliokulia kando ya barabara tukaivuta. Risasi ilitolewa mwaka 2006, lakini moshi wa buluu bado ni moshi, na anayeuvuta ni mama wa mboga pale steji. Kuliacha livute moshi kwa sababu nina kumbukumbu nalo ungekuwa uchoyo. Kwa hivyo kuendelea hivi hivi hakukuwa chaguo. Ilikuwa ama kulitengeneza sawasawa, ama kuliuza.

Kule Marekani kulikuwa na mwalimu mmoja, Irv Gordon, aliyenunua Volvo P1800 mwaka 1966. Mwaka 2013 mita yake ilifika maili milioni tatu, karibu kilomita milioni 4.8, na hadi anafariki 2018 alikuwa bado analiendesha. Watu walimtafuta wajue siri. Hakuwa nayo. Alifuata kitabu cha maelekezo, akabadilisha oili kwa wakati, hakuacha tatizo dogo lilale. Nilipomsoma nilimwona baba na daftari lake, tofauti ikiwa kwamba Gordon alikuwa na kampuni nyuma yake. Baba alikuwa na Fundi.

Siku ya nane Baba alikuja Nairobi kwa basi, akaja moja kwa moja Grogan. Nilidhani angeniambia nilitunze. Alilala chini ya gari akiwa na suti yake ya safari, akaomba bisibisi, akaanza kugonga sakafu. Tang, tang, tang. Karibu na tao la gurudumu la nyuma, kushoto, bisibisi ikaingia.

"Injini unaweza kubadilisha," akasema akiwa bado chini. "Mwili ukioza kwenye boriti, hiyo ndiyo mwisho. Hapa bado ni ngozi. Lakini uza. Mimi ningeuza."

"Kwa nini wewe hukuuza, Baba?"

Akatoka, akajipangusa vumbi. "Mimi nilikuwa na Fundi wa miaka arobaini na mitano. Wewe una Fundi wa sitini na saba. Akienda, utampelekea nani?"

Fundi alikuwa amesimama hapo hapo. Hakuna aliyejifanya hakusikia.

Ndipo nikajua nilichokuwa nauliza siku zote zile. Nilikuwa nadhani nauliza kuhusu chuma na kilomita. Chuma bado kipo, na kilomita milioni hazijaliua. Gari linakufa siku ambayo hakuna aliyebaki wa kulifungua. Mnada wa 1986, mitumba ya 1993, Kanuni za 2004, zote lilizivuka kwa sababu mahali fulani mtu aliyewahi kushika tochi alijua la kufanya.

Nilimwambia Fundi nitalipa laki moja na themanini, na elfu thelathini zaidi, kwa masharti mawili. Kijana wake ndiye atakayeifungua injini kwa mikono yake, na yeye Fundi atashika tochi. Na mimi nitakaa pale niandike kila hatua. Fundi alifikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mimi nishike tochi?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Na huyu akivunja kitu?"

"Nitanunua kingine."

Baba alitikisa kichwa kama mtu anayeona pesa zikitupwa mtoni, lakini hakuondoka. Aliketi juu ya tairi akanunua chai ya watu wanne.

Ilichukua siku kumi na mbili. Bima ikaisha kabla hatujamaliza. Kijana alivunja boliti moja ya kichwa cha injini, na nikanunua nyingine. Tulipoliwasha, moshi ulitoka mweupe kidogo kwa dakika moja, kisha hapakuwa na moshi. Yule jamaa wa skrapu alipiga mluzi. Akaniambia hamsini yake bado ipo, nikibadilisha nia.

Tumekubaliana na Baba kwamba nitapima sakafu kwa bisibisi kila Januari. Siku itakayoingia kwenye boriti, nitauza bila kulia. Daftari sasa ni la sita, safu ni zile zile mbili. Ukurasa wa kwanza, chini ya IMEKULA, unasema: slivu 4, pistoni 4, ringi, beringi, gasketi, boliti 1, chai. Na mahali pa maneno mengine nimeandika jina la kijana.